Kiti cha mbele au cha nyuma: kulinganisha daraja la biashara na la kawaida kwenye safari ndefu

Chukua tiketi ya kwenda London na kurudi, ukianzia Dar es Salaam na kuunganisha ndege Ghuba. Daraja la kawaida, tuseme, shilingi milioni 2.5. Daraja la biashara, tarehe zilezile, ndege zilezile, milioni 8. Mnaruka pamoja, mnatua pamoja, na mvua ya London inawanyeshea wote. Tofauti ni milioni 5.5, fedha ambayo kwa wengi wetu ni kiwanja nje ya mji au ada ya shule ya mwaka mzima. Bei hizi ni za mfano, maana hubadilika kila siku, ila uwiano ndio huo: mara nyingi kiti cha mbele huuzwa mara tatu hadi tano ya bei ya kiti cha nyuma.

Mtu akiuliza kama inalipa, mimi humuuliza swali jingine kwanza: utalala saa ngapi humo ndani? Bidhaa kubwa inayouzwa mbele ya pazia ni usingizi wa kujinyoosha. Vingine vyote, kuanzia juisi ya makaribisho hadi soksi za kwenye kimfuko, ni nyongeza.

Vigezo

Nitavipima viti vyote viwili kwa mambo matano: mwili na usingizi, mizigo, uwanja wa ndege, masharti ya tiketi, na bei. La kwanza ndilo zito, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Chakula sikukipa kigezo chake. Ni kweli mbele kuna sahani ya kauri na kitambaa cheupe, lakini hakuna pilau la milioni 5.5, na ulimi wenyewe ukiwa angani hupoteza sehemu ya ladha kwa ukavu wa hewa na kelele za injini. Fahari nayo nimeiacha. Anayetaka picha akiwa na glasi mkononi anajua mwenyewe picha hiyo inamfaa kwa bei gani.

Kabla ya yote, uliza ni ndege gani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Jina "daraja la biashara" linabeba viti vya kila aina, na bei haikuambii utapata kipi.

Kwenye Airbus A220 za Air Tanzania kuna viti 12 vya biashara na 120 vya kawaida. Kwenye Embraer 190 za Kenya Airways kuna 12 na 84. Viti vya mbele kwenye ndege hizi ni vipana na huegemea nyuma, lakini si vitanda. Kwa safari ya Dar kwenda Nairobi, ambayo ni kama saa moja na robo hewani, unakuwa umenunua nafasi ya kiwiko na kushuka mapema. Ukipanda ndege ndogo aina ya ATR ya Precision Air, swali lenyewe halipo: ndege nzima ni daraja moja.

Vitanda huanza kuonekana kwenye ndege kubwa. Boeing 787-8 za Kenya Airways zina viti 30 vya biashara, sita kwa kila safu, viwili viwili, na hulala bapa kabisa. Ubaya wa mpangilio huo ni kwamba aliyelala dirishani akitaka kwenda msalani usiku itabidi aruke miguu ya jirani. Kwenye baadhi ya Boeing 777 za Emirates ambazo bado hazijafanyiwa ukarabati, viti vya biashara ni viwili, vitatu, viwili. Maana yake kuna mtu aliyelipa mamilioni akapata kiti cha katikati. Viti hivyo pia hulala kwa mteremko, na mwili huteleza kidogokidogo kuelekea miguuni. Upande wa pili wako Qatar Airways na Qsuite yao iliyozinduliwa mwaka 2017, kijumba chenye mlango wa kufunga, ambapo kila abiria ana njia yake ya kutokea. Ila si kila ndege ya Qatar Airways imefungwa Qsuite.

Mfano mwingine ni flydubai, wanaotumia Boeing 737 kwa safari zao. Matoleo mapya ya MAX yana vitanda mbele, ya zamani yana viti vya kuegemea tu. Shirika lilelile, njia ileile, usiku tofauti kabisa.

Na kuna mtego wa Ulaya. Ukitua Amsterdam au Paris kwa daraja la biashara kisha ukaunganisha ndege ndogo kwenda mji mwingine wa Ulaya, "biashara" ya huko huwa ni kiti kilekile cha kawaida, ila cha katikati kimeachwa wazi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe wakala akutajie aina ya ndege kwa kila kipande cha safari na akuonyeshe ramani ya viti. Akisema "zote zinafanana," tafuta wakala mwingine.

DARAJA LA KAWAIDA

Mwili na usingizi. Kutoka kiti hadi kiti cha mbele yake kuna sentimita 79 hadi 81 kwenye mashirika mengi, na upana wa kiti ni kama sentimita 43 hadi 46. Mtu wa urefu wa kati anaingia bila shida. Mrefu mwenye magoti marefu atasafiri na mfuko wa magazeti tumboni. Kulala inawezekana, lakini ni usingizi wa kukatika: shingo inadondoka, jirani anaomba kupita, toroli linagonga kiwiko.

Hata hivyo viti vya nyuma havifanani, na mjuzi huchagua. Boeing 787 hupangwa vitatu vitatu vitatu. Boeing 777 za siku hizi nyingi ni vitatu, vinne, vitatu, na hapo mabega hugusana. Airbus A330, kama zile za RwandAir na Uganda Airlines, ni viwili, vinne, viwili: mume na mke wakipata vile viwili vya dirishani wamejitenga na watu wote bila kuongeza hata senti. Viti vya mlango wa dharura vina nafasi kubwa ya miguu kuliko hata baadhi ya viti vya mbele, na mashirika mengi huviuza kwa nyongeza ndogo ukilinganisha na kubadili daraja. Sharti lake ni uwe mtu mzima mwenye afya anayeweza kusaidia mlango ufunguliwe.

Kuna hofu ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ambayo watu wameibandika kwenye daraja la kawaida. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili baada ya kukaa saa 4 au zaidi bila kujongea, ingawa bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Chanzo ni kukaa bila kusogea, na utafiti huo ulihusisha pia mabasi, treni na magari. Anayekaa kwenye basi la Dar hadi Mwanza yumo. Kiti cha njiani, maji ya kutosha na kuinuka kila baada ya muda ndiyo kinga ya kwanza, hata kwa aliye mbele.

Hewa nayo ni moja. Kwenye 787 mgandamizo wa hewa ndani huwekwa kama wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hivi, yaani kama uko Nairobi, wakati ndege za zamani hufika mita 2,400. Faida hiyo inamfikia hata wa safu ya mwisho karibu na choo.

Mizigo. Kipimo cha kawaida ni kilo 23 kwa begi. Idadi ya mabegi hutegemea njia na aina ya nauli: njia nyingi za kutoka Afrika Mashariki huruhusu mabegi mawili, lakini nauli za chini kabisa siku hizi hutoa moja, au hazitoi begi kabisa. Soma kwenye tiketi yenyewe. Mkumbo wa "kila mtu anapewa mawili" umewafanya wengi wafungue masanduku sakafuni mbele ya kaunta.

Uwanja wa ndege. Foleni ya kaunta, foleni ya kupanda, benchi la kusubiri. Lakini ukumbi wa mapumziko unaweza kuulipia peke yake kwenye viwanja vingi, bila tiketi ya biashara. Na kiti cha magurudumu kwa mzee au mgonjwa ni huduma ya bure kwa abiria wa daraja lolote, mradi uombe angalau siku mbili kabla.

Masharti ya tiketi. Nauli rahisi huwa ngumu kubadilika. Ukiahirisha unalipa faini pamoja na tofauti ya bei, na ukighairi unaweza kurudishiwa kodi tu. Lakini ndani ya daraja la kawaida kuna nauli nyingi zenye herufi tofauti, na ile ya juu kabisa mara nyingi hubadilishwa bure. Mtu ambaye shida yake ni tarehe zisizotabirika anunue nauli hiyo. Hana haja ya kitanda.

Bei. Ndiyo faida yake kuu na haihitaji maelezo.

Inawafaa: vijana na watu wenye afya wanaoweza kulala popote, familia, wanaosafiri mchana, safari zisizozidi saa 6, na yeyote ambaye siku ya kufika ana nafasi ya kulala.

DARAJA LA BIASHARA

Mwili na usingizi. Kiti kikilala bapa unapata kitanda cha kama sentimita 180 hadi 200, blanketi la maana na mto wa kweli. British Airways walianza kuuza vitanda bapa kwenye daraja hili mwaka 2000, na tangu hapo mashirika makubwa yote yamefuata, ingawa kwa kasi tofauti. Mtu mwenye mgongo mbovu, mjamzito aliyeruhusiwa na daktari kusafiri, au aliyefanyiwa upasuaji siku si nyingi, huiona tofauti tangu saa ya kwanza.

Lakini angalia unaelekea wapi. Sisi wa Afrika Mashariki tunapishana na London saa 2 au 3 tu, kutegemea majira yao. Anayeruka usiku kutoka Nairobi kwenda Ulaya hachoshwi na saa zilizobadilika. Anachoshwa na kukesha. Kwa safari hiyo kitanda hutibu tatizo lote: umelala, umeamka, ni asubuhi kwako na kwao. Ukienda New York tofauti ni saa 7 au 8, ukienda China ni 5. Huko kitanda hukupunguzia uchovu wa mwili, lakini saa ya ndani ya mwili itakuamsha usiku wa manane kwa siku kadhaa hata kama ulilala mbele. Ajabu ni kwamba njia ya New York, ambayo Kenya Airways waliianza moja kwa moja kutoka Nairobi Oktoba 2018, ni kama saa 15 kwenda, na huko ndiko mgongo unakohitaji kitanda zaidi. Ni faida mbili tofauti, na inafaa ujue unalipia ipi.

Kitanda pia hakimaanishi saa zote za safari. Toa muda wa kupaa, mlo, taa kuwashwa kwa kifungua kinywa na kutua. Safari ya saa 6 kutoka Dar hadi Doha, hata ukikataa chakula, inakuachia usingizi wa kama saa 4. Kisha unaamshwa, unatembea uwanja mzima, na ndege ya pili inaruka mchana.

Mizigo. Kwenye mashirika mengi ni mabegi mawili ya kilo 32 kila moja. Uzito huo ndio ukomo wa begi moja kwa madaraja yote, kwa ajili ya afya ya wabeba mizigo. Kwa mtu aliyekuwa apate mawili ya kilo 23, amepata kilo 18 zaidi. Piga hesabu ya eksesi (malipo ya uzito uliozidi) ya kilo 18 kwa njia yako kabla ya kusema mizigo ndiyo sababu. Kwa kawaida haifiki hata sehemu ndogo ya tofauti ya tiketi.

Uwanja wa ndege. Kaunta yako haina foleni, unapanda wa kwanza, begi lako linatangulia kutoka, na unakaa kwenye ukumbi wenye chakula na, viwanja vikubwa, bafu la kuoga. Kama unasubiri saa 2, ni starehe tu. Kama unasubiri saa 7 Doha au Istanbul kati ya ndege mbili, bafu hilo ni jambo kubwa. Lakini dirisha la uhamiaji unakoenda mara nyingi halijali umekaa wapi: Heathrow ya London au JFK ya New York unaweza kupanga mstari uleule na wa safu ya 40, tena yeye akiwa amekimbia zaidi.

Masharti ya tiketi. Kwa ujumla ni rahisi kubadilisha, na pointi za uanachama huongezeka haraka. Tahadhari: biashara ya ofa nayo ina masharti, na baadhi ya mashirika siku hizi huuza biashara ya bei ya chini iliyoondolewa ukumbi wa mapumziko au kuchagua kiti. Kuna pia suala la mtoto mchanga wa kupakatwa, ambaye kwenye safari za kimataifa kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ni asilimia 10 ya nauli ya daraja hilo, kwa hiyo mbele naye anapanda bei.

Bei. Rudi kwenye milioni 5.5. Igawanye kwa saa utakazolala kweli, uache za kuruka. Mtu wa Dar anayeunganisha Ghuba akipata, tuseme, saa 9 za usingizi kwenda na kurudi, kila saa imemgharimu shilingi 611,000. Kwa tofauti hiyohiyo, anayeruka usiku moja kwa moja Nairobi hadi London, karibu saa 9 hewani, akilala 6 kwenda na 6 kurudi, analipa kama 458,000 kwa saa. Zote ni fedha nyingi, lakini ya pili imenunua usiku mzima usiokatwa. Ndiyo maana nasema daraja la biashara hupungua thamani kila unapoongeza kituo cha kuunganisha.

Kisha weka pembeni njia ya tatu: kuruka daraja la kawaida, kufika siku moja kabla na kulala hotelini. Chumba kizuri cha usiku mmoja London hakifikii robo ya ile milioni 5.5. Mwenye siku ya kuchezea akiisahau njia hii amejidhulumu.

Inawafaa: wanaofika asubuhi na kuingia kazini siku hiyohiyo, wenye matatizo ya mgongo, miguu au moyo kwa ushauri wa daktari, wazee kwenye njia ndefu za moja kwa moja, na wanaolipiwa.

Tukiwa kwa wanaolipiwa. Umoja wa Mataifa huwaruhusu watumishi wake wengi kukaa biashara pale safari ya moja kwa moja inapofika saa 9, au saa 11 ikiwa ni ya kuunganisha. Nchini Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2015, Rais John Magufuli alizuia watumishi wa serikali kusafiri daraja la kwanza na la biashara, akiwaacha Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Mmoja aliangalia saa, mwingine aliangalia hazina. Mimi ile saa 9 naiona ni mstari mzuri hata kwa anayelipa kutoka mfukoni: chini ya hapo uwe na sababu ya afya au ya kazi, juu ya hapo starehe yenyewe inaanza kuwa sababu. Kwa wanaojali hali ya hewa, utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa abiria wa biashara anabeba takriban mara tatu ya hewa ukaa ya abiria wa kawaida, kwa sababu anachukua nafasi kubwa zaidi.

Kilicho katikati, na njia za pembeni

Watu husahau kwamba kuna daraja la kati. Airbus A330-800 za Uganda Airlines zina viti 20 vya biashara, 28 vya daraja la kati na 210 vya kawaida. British Airways wanalo, KLM wanalo, Emirates wameliweka kwenye baadhi ya ndege zao. Kiti ni kipana zaidi, magoti yanapumua, mgongo unaegemea zaidi. Halina kitanda. Kwa safari ya mchana ndilo ningelitazama kwanza, kwa sababu mchana hulali hata ukipewa godoro.

Njia nyingine ni kugawa safari: biashara kwenye kipande cha usiku, kawaida kwenye kipande cha mchana. Baadhi ya mashirika huruhusu kununua hivyo, mengine hukuacha ununue kawaida kisha ulipie kupanda daraja kwa kipande kimoja. Yapo yanayokupa nafasi ya kutaja bei yako siku chache kabla ya safari, na wakishindwa kuuza kiti wanakupa. Ukitaja bei, kumbuka huwa ni kwa kila mtu na kila kipande, na mizigo mara nyingine hubaki ile ya tiketi ya awali. Kaunta nayo huuza viti vilivyobaki siku ya safari, wakati mwingine kwa bei ya kushangaza, wakati mwingine hapana. Usipange maisha kwa kutegemea hilo. Wenye maili za uanachama kama Skywards ya Emirates, ShebaMiles ya Ethiopian Airlines na mfano wake wafahamu kwamba kupanda daraja kwenye safari ndefu ndiko maili hupata thamani yake. Kuzitumia kununua birika kwenye duka lao la mtandaoni ni kuzitupa.

Kwa hali yako

Una mkutano asubuhi unayofika, ndege ni ya usiku, na makosa yako yatagharimu kampuni zaidi ya tiketi. Kaa mbele, kwenda tu. Kurudi kaa nyuma, ulale kwako. Kama mkutano ni kesho yake, hoteli inatosha.

Unampeleka mzazi Mumbai kwa matibabu. Air Tanzania wana safari ya moja kwa moja kutoka Dar waliyoianza Julai 2019, na hewani ni kama saa 6. Kama mzee anaweza kukaa kwenye kochi nyumbani kwa muda huo, kiti cha njiani nyuma pamoja na kiti cha magurudumu cha bure kinatosha, na fedha iliyobaki inaingia kwenye bili ya hospitali. Kama hawezi kukaa wima, biashara si anasa, na kabla ya kulipa ujaze fomu ya afya ya shirika na daktari wake, maana bila hiyo anaweza kukataliwa mlangoni. Mgonjwa wa machela ni habari nyingine: machela kwa kawaida hufungwa juu ya safu kadhaa za viti vya kawaida, na huuzwa kwa utaratibu wake.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba anayekwenda Guangzhou. Mzigo wako mkubwa unarudi kwa meli au kwa wakala wa kago, kwa hiyo kilo 18 za ziada hazikuokoi. Kinachokuokoa ni kubadilisha tarehe kiwanda kikichelewa. Tafuta nauli ya kawaida inayobadilika. Faida ya mtaji ikishakuwa kubwa, rudi usome upya sehemu ya New York na China.

Baba, mama na watoto wawili. Bei ya viti vinne vya biashara ni bei ya safari tatu za familia nzima daraja la kawaida. Omba safu ya mbele yenye kitanda cha kuning'iniza kama kuna mtoto mchanga, na omba mapema, vitanda ni vichache. Kumweka baba mbele na mama nyuma na watoto kumeshaonekana, na siwezi kumshauri hivyo yeyote anayetaka amani akitua.

Unakwenda Umra na kikundi. Hata ukiwa na uwezo, fikiria kwamba mwongozaji, vyakula vyenu na wazee mnaowasaidia wako nyuma. Ukikaa mbele utawapata tena kwenye basi. Kuna wanaoona hilo ni sawa, kuna wasioona.

Dar–Zanzibar, dakika 20 hivi. Hapana.

Na msiba. Simu imekuja usiku, uko Minneapolis au Toronto, unatakiwa Tanga au Mombasa ndani ya siku mbili. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nauli za chini za kawaida zinakuwa zimekwisha, zimebaki za juu, na wakati huo pengo kati ya nyuma na mbele linaweza kupungua sana. Mwambie wakala akutajie bei zote mbili kwenye simu hiyohiyo, pamoja na bei ya kuacha tarehe ya kurudi wazi, kwa sababu hujui arobaini itakushika au la. Biashara yenye kurudi wazi inaweza kutofautiana kidogo na kawaida yenye kurudi wazi, na safari ya zaidi ya saa 20 ukiwa na huzuni ni ndefu. Pengo likiwa bado milioni kadhaa, kaa nyuma, na tofauti hiyo itume kwa wafiwa kabla hujapanda ndege: turubai, chakula na gari la maiti hulipiwa kabla hujafika.